Fo-wili gani inafaa kazi ya kutunza miti? Na kwa nini chesisi za pikapu zinapinda? Karibuni wadau

#1 Kijiti Kikavu
Wakuu habari zenu. Tuna kakampuni ka kutunza miti, kupunguza matawi, kuangusha miti iliyokufa, kusaga visiki, tupo watu wanne pamoja na mimi. Mpaka sasa tunatumia pikapu inayosukumwa na tairi mbili tu, pamoja na tela. Kiangazi hakuna shida ila mvua ikianza tu gari inaishia getini kwa mteja, tunabeba magogo mabegani mpaka barabarani, vijana wanachoka kabla hata kazi haijafika nusu. Nataka fo-wili ya kazi kweli, ibebe watu wanne, misumeno, kamba, mafuta, ivute chipa ya kusaga matawi, na ikibidi irudi na chenga nyuma, yaani matawi yaliyosagwa. Mmoja ananiambia Land Cruiser, mwingine Hilux, mwingine D-Max, kuna na mmoja kanishauri Canter ya fo-wili.

Swali la pili ndio linaninyima usingizi. Jamaa yangu wa kazi hii hii, dabo kebini yake imepinda chesisi, ile fremu ya chuma ya chini, nyuma ya kebini. Ukisimama pembeni unaona bodi la nyuma limelala, nafasi kati ya kebini na bodi juu unapitisha mkono, chini hata kidole hakipiti. Kwenye karatasi inabeba tani 1 na anaapa hajawahi kuzidisha. Imekuwaje?

#2 Mzee wa Difu
Kijana usijisumbue. Land Cruiser pikapu, 79, injini ya 1HZ. Silinda 6, lita 4.2, haina turbo, haina mkanda, haina taa ishirini za kukutisha kwenye dashibodi, springi za bapa nyuma, ekseli nzima mbele na nyuma, habu za tairi za mbele unafunga kwa mkono ukitaka fo-wili. Ipo tangu mwanzo wa miaka ya 90 na hawajaigusa kwa sababu hakuna cha kugusa. Mengine yote ni magari ya kwendea ofisini.

#3 Spana Kumi
Shikamoo Mzee wa Difu, ila kwenye mkanda hapo sikubali. 1HZ ina mkanda wa taiming, unabadilishwa kila km 100,000, na wengi wanaoambiwa "haina mkanda" ndio unawakatikia njiani maana hawakuwahi kuuwaza. Yenye cheni ni kama 4JJ1 ya Isuzu, lita 3.0, au hizi 1GD za Toyota lita 2.8. Halafu familia yote ya 70 ilianza 1984, hiyo pikapu ya 79 ikaja 1999. Hayo mengine uliyosema nipo na wewe, ekseli nzima mbele kwenye mashimo na mzigo ni habari nyingine.

#4 Mzee wa Difu
Marahaba. Mkanda nimekuelewa. Gari ni ile ile.

#5 Bi Mvule
Naona mmeshaanza na injini kama kawaida yenu 😀 Mimi ni mpanda miti, siku nyingi tu nipo juu na kamba, na nimepanda magari ya kampuni tofauti tofauti. Kaka Kijiti anza na uzito kwanza, jina la gari litakuja lenyewe.

Chukua hiyo tani 1 ya kwenye karatasi. Watu wanne wenye kilo 80 hivi kila mmoja, 320 zimeondoka. Bodi la chuma na wavu wa kuzuia matawi, weka 180. Misumeno, madumu ya mafuta, kamba, viatu vya kupandia, ngazi, kabari, weka 150. Ukifunga chipa nyuma, uzito unaokaa kwenye boli ya tela nao unahesabiwa ni mzigo wa gari, weka 75. Umebaki na kilo 275. Chenga mbichi mita moja ya ujazo ni kilo 300 mpaka 400 kutegemea mti na unyevu. Kwa hiyo dabo kebini yako ya tani 1 haibebi hata mita moja kamili ya chenga. Jamaa yako anaposema hajazidisha namwamini kabisa, maana hakuna anayehesabu watu na bodi.

#6 Kijiti Kikavu
Daah dada umenifungua macho. Mimi hesabu zangu zote zilikuwa tani 1 ya chenga.

#7 Tani Tatu
Bi Mvule kamaliza. Niongeze magogo tu. Gogo bichi la kipenyo cha sm 50 na urefu wa mita 2 lina ujazo wa mita 0.39 hivi, na mti mbichi mingi inacheza kati ya kilo 800 na 1,100 kwa mita ya ujazo, inategemea aina. Yaani gogo MOJA ni kilo 300 na kitu mpaka 400 na kitu. Vijana wanaona nafasi bado ipo nyuma wanapakia la pili, la tatu, macho yanaangalia nafasi, springi inaangalia kilo.

Kwenye chesisi sasa. Siri ipo pale mzigo unapokaa. Dabo kebini bodi lake ni fupi, mita moja na nusu hivi, na sehemu kubwa ya bodi ipo nyuma ya ekseli. Ukiweka kilo 300 mita moja nyuma ya ekseli kwenye gari ambayo ekseli zake zimeachana mita 3, ekseli ya nyuma haipati 300, inapata 400, na mbele zinapungua 100. Usukani unakuwa mwepesi, na chesisi pale nyuma ya kebini inavutwa kushuka kila ukipita shimo. Kwa hiyo unaweza kuwa hujazidisha jumla lakini umezidisha ekseli ya nyuma. Singo kebini haina hiyo shida kubwa, bodi lake la mita 2 na zaidi linakaa vizuri juu ya ekseli.

#8 Spana Kumi
Kijiti muulize huyo jamaa yako maswali mawili. Moja, aliweka mifuko ya upepo kusaidia springi za nyuma? Mbili, bodi limefungwaje kwenye chesisi, bolti au kachomelea?

#9 Kijiti Kikavu
Nimempigia sasa hivi. Mifuko ya upepo kaweka, gari ilikuwa inakaa chini nyuma akaambiwa ndio dawa. Bodi lilichomelewa moja kwa moja juu ya chesisi. Na kasema mashine ya kusagia visiki huwa anaibeba mwisho kabisa karibu na mlango wa nyuma ili iwe rahisi kushusha.

#10 Spana Kumi
Basi nishapata jibu. Springi ya bapa inashika chesisi sehemu mbili, mbele ya ekseli na nyuma yake, uzito unagawanyika. Mfuko wa upepo unasukuma sehemu moja, juu ya ekseli tu. Mzigo unashuka nyuma, mfuko unapandisha katikati, ni kama kuvunja kijiti kwenye goti. Gari inaonekana imenyooka kabisa, dereva anafurahi, kumbe kilichokuwa kinamwambia "umezidisha" kimezibwa mdomo. Halafu hapo pa kuchomelea ndio msumari wa mwisho, moto wa welding unabadilisha ugumu wa chuma pembeni ya mshono, na ufa ukianza unaanzia hapo hapo. Bodi lifungwe kwa bolti na mabano, na upande mmoja liachiwe lichezecheze kidogo, chesisi inatakiwa kujipinda kidogo ikipita kwenye mashimo.

#11 Tani Tatu
Mkuu mifuko ya upepo imefungwa kwenye magari mangapi na hayajapinda? Mashine ya visiki ipo MWISHO wa bodi, hiyo ndio sababu, mifuko imesaidia tu.

#12 Mzee wa Difu
Wote mnazunguka. Mwendo! Mtu ana mzigo nyuma, barabara ya vumbi yenye mawimbi, anakimbia 80. Mzigo uleule ukirushwa na kutua sio kilo zile zile tena. Mimi nimebeba magogo maisha yangu yote kwa mwendo wa taratibu na chesisi imenyooka mpaka leo. Na chuma cha siku hizi wanakifanya chembamba ili gari ile mafuta kidogo.

#13 Spana Kumi
Kwenye mwendo nakubali. Kwenye wembamba sio rahisi hivyo mzee, vyuma vya siku hizi vingine ni vyembamba lakini vigumu zaidi ya vya zamani. Tatizo lake ni moja, ukitoboa tundu au ukichomelea mahali ambapo mtengenezaji hajaruhusu umeua ule ugumu. Cha zamani kilikuwa kinene kinasamehe.

#14 Alumini
Jamani hakuna hata mmoja aliyetaja Defender? Fo-wili ya muda wote tangu ile One Ten ya 1983, ina difu ya katikati unayoweza kuifunga, hupati ile shida ya kuogopa kuweka fo-wili kwenye lami. Bodi ni alumini haishiki kutu. Mhandisi wa kijijini anaitengeneza kwa spana mbili. Kwa kazi za miti Uingereza huko wameitumia miaka na miaka kuvutia chipa.

#15 Spana Kumi
Bodi haishiki kutu sawa, lakini chesisi ni chuma na inaoza hasa nyuma, na kile kiunzi cha chuma mbele ya dereva nacho kinaoza. Alumini ikigusana na chuma pakiwa na unyevu inageuka unga mweupe. Uzalishaji wa ile ya zamani uliisha Januari 2016, kwa hiyo yoyote utakayopata ina umri wake, pita chini na nyundo ndogo ugongegonge kabla hujatoa hela. Ile mpya iliyotoka baadaye haina chesisi ya ngazi, ni gari nzuri ila kumfungia bodi la chenga sahau.

#16 Kamba Ngumu
Naomba kuwa tofauti kidogo. Kwani nani kasema lazima fo-wili? Kazi nyingi za miti ni kwenye nyumba za watu, shule, makaburi, pembeni ya barabara. Pale mnapokwama tatizo sio idadi ya tairi zinazozunguka, ni uzito na tairi zenyewe. Nunua kitipa cha tairi mbili chenye difu loki nyuma (inafunga difu tairi zote mbili zizunguke sawa) na tairi nzuri, beba mbao ngumu za kutandika chini ukipita kwenye nyasi. Fo-wili ikiingia kwenye bustani iliyolowa inatoka ndio, lakini inaacha mitaro miwili na mteja hakuiti tena. Mti umetunza, bustani umeharibu.

#17 Bi Mvule
Hapo pa bustani Kamba Ngumu asikilizwe. Na mizizi pia jamani. Sisi watu wa miti ndio tunatakiwa kujua kwamba mizizi mingi ya kunyonya ipo juu juu, sehemu kubwa ndani ya sm 60 za mwanzo, na inasambaa kupita pale matawi yanapoishia. Gari la tani 3 ukilipitisha chini ya mti kwenye udongo uliolowa unaubana udongo, hewa na maji havipiti, mti unaanza kukauka juu miaka michache baadaye na mwenye nyumba hajui kwa nini. Kwa hiyo uwezo wa gari kufika kila mahali sio ruhusa ya kufika kila mahali. Kamba ndefu ya winchi inafaa kuliko tairi mara nyingi, gari linabaki pakavu magogo yanakuja yenyewe.

#18 Mzee wa Difu
Kamba Ngumu huyo hajawahi kurudisha chipa nyuma kwenye mlima wenye tope. Njoo na kitipa chako tukuvute 😀

Nikueleze Kijiti kitu ambacho hawakiandiki kwenye matangazo. Fo-wili faida yake kubwa kwenye kazi yetu ni ile LO, zile gia za nguvu za mwendo wa taratibu. Ukirudisha tela nyuma kupandisha mlima, sentimita kwa sentimita kupita geti, gia ya rivasi ya kawaida ina kasi kubwa kwa kazi hiyo, unabaki unasugua klachi mpaka moshi unaingia ndani. Weka lo, achia klachi yote, gari linatambaa lenyewe, mguu uko kwenye breki tu. Na kama ni lami na una habu za kufunga kwa mkono, usizifunge. Vuta lo habu zikiwa wazi, nguvu inaenda nyuma peke yake, usukani unakata vizuri, difu hazipigani. Ila hapo polepole, ekseli ya nyuma inabeba nguvu yote ya lo peke yake.

#19 Kijiti Kikavu
Mzee hii ya habu sikuwahi kuisikia. Kwa nini fo-wili ya kawaida ni mbaya kwenye lami?

#20 Spana Kumi
Nimjibie mzee. Ukikata kona tairi za mbele zinatembea njia ndefu kuliko za nyuma. Fo-wili ya kuchomeka, yaani Hilux nyingi, D-Max, Ranger nyingi, Cruiser 79, haina difu ya katikati, propela ya mbele na ya nyuma zinalazimika kuzunguka sawa. Kwenye tope tairi inateleza kidogo mambo yanaisha. Kwenye lami kavu haitelezi, nguvu inajikunja ndani ya gia boksi na propela, gari linakuwa zito kukata kona na mwisho kitu kinavunjika. Zenye difu ya katikati ni kama Defender aliyosema Alumini, na Mitsubishi L200 zile zenye Super Select.

Na fo-wili bila difu loki msiitukuze sana. Tairi moja ya mbele na moja ya nyuma zikining'inia hewani, hizo hizo mbili zitazunguka na wewe umekaa. Kwa hiyo Kijiti chochote utakachochukua, hakikisha kina difu loki ya nyuma.

#21 Chuma Chakavu
Habari wadau, nimepita. Mnaongelea pikapu na watu wanne na chipa na chenga na mashine ya visiki, mzigo wote huo jibu ni kilori. Canter ya fo-wili au Isuzu NPS. Kebini ipo juu ya injini kwa hiyo urefu wote wa gari unakuwa bodi, jumla yake inafika tani 6 na zaidi, unaweka tipa, chenga unamwaga kwa kubonyeza. Chesisi yake imetengenezwa kubeba bodi za kila aina, hiyo stori ya kupinda hutaisikia.

#22 Tani Tatu
Nakubali ila kuna mitego. Nchi nyingi leseni ya gari dogo inaishia kilo 3,500 jumla, ukivuka hapo dereva anahitaji leseni nyingine na gari linaingia kwenye masharti mengine ya ukaguzi. Vijana wako wana leseni hizo? Akiumwa dereva mmoja kazi imesimama. Na bodi la kilori lipo juu, kifuani kabisa, kuinua gogo mpaka pale ni mgongo wa mtu, bila winchi au kijikreni huendi mbali. Halafu linapanda mawe vizuri lakini halipiti chini ya matawi, wala geti jembamba.

#23 Chuma Chakavu
Sawa, ila mgongo unaumia pia mkienda safari tatu badala ya moja.

#24 Mtoto wa Mkaratusi
Mimi ningepata Unimog hata leo ningelala ndani yake. Ekseli zake zina gia kwenye kila tairi ndio maana difu ipo juu sana chini hapagusi, unaendesha chipa kwa shafti ya gari lenyewe bila injini ya pili, unaweka kreni...

#25 Spana Kumi
Lala tu mkuu, spea zake zikikupata hutalala 😀 Ni mashine halisi ila mtu anayeanza na watu wanne hapana.

#26 Kijiti Kikavu
Nimesoma yote. Chipa ninayoiangalia ina kilo 750 kwa hiyo sio kubwa. Vipi kuhusu hizi pikapu mpya zinazoandikwa zinavuta tani 3.5? Nikipata hiyo si nabeba chenga kwenye tela lingine huko mbele?

#27 Tani Tatu
Hiyo tani 3.5 ni ya tela lenye breki zake. Tela lisilo na breki kwa nchi nyingi mwisho ni 750 na ndio maana chipa nyingi ndogo zinatengenezwa ziishie hapo hapo. Kisha soma kile kibati cha mlangoni, kuna uzito wa gari peke yake na kuna uzito wa gari na tela kwa pamoja. Pikapu nyingi ukijaza bodi mpaka mwisho na kuvuta tani 3.5 umevuka hiyo ya pamoja. Ni moja kati ya mawili, unabeba au unavuta, vyote kwa kipimo cha juu haiwezekani.

#28 Alumini
Na hapo ndipo mimi ninapoona chesisi ya yule jamaa ilipoanzia. Mmesahau tela! Boli ya tela ipo mbali nyuma ya ekseli kuliko hata hiyo mashine ya visiki. Chipa ikiwa imekaa vibaya, uzito mkubwa mbele, kila tuta inagonga kushuka kwenye boli. Muulize anavuta nini.

#29 Kijiti Kikavu
Anavuta chipa kubwa kuliko ninayotaka mimi, na ametengeneza ndoano ndefu ya nyongeza ili mlango wa nyuma wa bodi ufunguke.

#30 Alumini
Ndoano ndefu ya nyongeza! Nilijua tu.

#31 Tani Tatu
Inarudi kule kule kwangu, mzigo nyuma ya ekseli.

#32 Spana Kumi
Na mimi bado nipo na kuchomelea. Ningeliona gari ningetafuta ufa ulipoanzia. Ukianzia pembeni ya mshono ni welding, chuma kikiwa kimekunjika bila ufa pale pale mfuko wa upepo unapogusa ni mfuko. Bila picha tunabishana hewani.

#33 Dada Pampu
Samahani kuingilia, jambo lingine kabisa. Kabla hujachukua dizeli mpya angalia filta ya moshi. Kazi yetu gari linatembea mwendo mfupi asubuhi, linazimwa au linaachwa linanguruma siku nzima, jioni mwendo mfupi tena. Ile filta inajisafisha kwa kuchoma masizi, inataka joto kali, nyuzi 600 hivi, na gari liwe barabarani limechemka vizuri. Ukilizima katikati halijamaliza, kesho linaanza upya, mwisho taa inawaka, gari linakosa nguvu, na dizeli nyingine inavuja inaingia kwenye oili ya injini. Kwetu lilitokea na gari halikuwa na kasoro yoyote zaidi ya matumizi. Siku hizi dereva analazimika kulipeleka barabara kuu mara kwa mara litembee nusu saa bila kusimama, na limetulia.

#34 Mzee wa Difu
1HZ haina hiyo filta. Nasema tu.

#35 Dada Pampu
Ni kweli mzee, ila hakikisheni gari la zamani linaruhusiwa mnapofanyia kazi, kuna miji inazuia dizeli za zamani au inazitoza. Na 1HZ ikiwa na mzigo na tela kwenye mlima mrefu inapanda taratibu mno, watu walioko nyuma yako wote wanakujua.

#36 Kamba Ngumu
Kabla uzi haujaisha naomba niseme la usalama, maana nimeona Bi Mvule kataja winchi. Msiangushe mti kwa kuuvuta na gari. Gari la tani 2 kwenye nyasi mbichi haliwezi kuvuta tani 2, linateleza mapema sana, dereva anaongeza mafuta, tairi inashika ghafla, kamba inapata mshtuko na mti unakuja upande wasioutaka. Dereva haoni anayekata, anayekata hasikiki. Tumieni winchi ya mkono, ile ya kuvuta waya kwa mpini, unavuta kidogo unasimama unaangalia.

#37 Mzee wa Difu
Nimevuta miti mingi kwa gari na nipo.

#38 Bi Mvule
Mzee tunashukuru upo. Lakini kule juu au kwenye shina ni mimi na wenzangu, kwa hiyo naunga mkono Kamba Ngumu. Kuvuta gogo lililokwisha lala chini, winchi ya gari ni sawa. Kwa mti uliosimama, winchi ya mkono, kamba ndefu kuliko urefu wa mti kwa ziada ya kutosha, na mtu mmoja tu wa kutoa ishara. Na mkinunua winchi ya gari kumbukeni ile namba iliyoandikwa, kilo 4,300 mathalani, ni pale waya umebaki tabaka la kwanza tu kwenye ngoma. Ukiwa umejaa nguvu inapungua. Mkipitisha waya kwenye kapi iliyofungwa kwenye gogo na kuurudisha kwenye gari, nguvu inakuwa kama mara mbili, mwendo nusu. Kapi ikifungwa kwenye mti mwingine ili kugeuza njia, ule mti na kombeo lake (mkanda unaoshika kapi) vinaweza kubeba mpaka karibu mara mbili ya unachovuta, na wengi wanaweka pale kakombeo kadogo.

Kingine, gari lolote utakalochagua litenge sehemu mbili. Mafuta, oili na betri upande wao, kamba na mikanda ya kupandia kwenye boksi kavu lenye kifuniko mbali nao. Tindikali ya betri inakula nailoni bila kuonyesha alama kubwa. Sitaki kuning'inia kwenye kamba iliyolala na dumu la petroli. Wala petroli isikae kebini na watu.

#39 Kijiti Kikavu
Asanteni sana kwa kweli. Nimeanza kuona picha. Kuna D-Max singo kebini iliyotumika nimeiona na kuna Cruiser 79 singo pia. Singo zote mbili, kwa hiyo watu wawili wakose kiti au wapande gari lingine. Kitipa cha tairi mbili bado kinanivutia kwa bei ya uendeshaji. Nikienda kukagua niangalie nini hasa?

#40 Spana Kumi
Nenda na tochi, lala chini. Pitisha kidole kwenye chesisi pande zote mbili nyuma ya kebini, angalia rangi mpya mahali pamoja, mshono wa welding ambao sio wa kiwandani, bano lililobanduliwa la mifuko ya upepo. Pima nafasi kati ya kebini na bodi, juu na chini, kulia na kushoto. Kisha weka fo-wili, weka lo, funga difu loki, yote mbele yako na kwenye udongo sio kwenye lami, maana wenye magari wengi hawajawahi kuigusa ile lo miaka na miaka na inakuwa imeganda. Kwenye Cruiser jaribu zile habu, zifunge na kufunguka kwa mkono bila koleo. Zile 79 za V8 zilizotoka kuanzia 2007 tairi za nyuma zimekaa ndani kidogo kuliko za mbele, kwenye tope zile za nyuma zinachimba njia yao zenyewe, usije ukadhani ekseli imebadilishwa.

#41 Bi Mvule
Na usilijaribu likiwa tupu. Omba ulifunge chipa, wapande watu wenu na vifaa vyote, mpitie mizani mjue linasoma ngapi ekseli ya mbele na ya nyuma kabla hamjaweka hata tawi moja. Kisha lirudishe nyuma na tela kwenye mlima.

#42 Kijiti Kikavu
Jumamosi nakwenda na vijana wote na chipa ya kuazima. Jamaa yangu naye anakuja, tutapita na gari lake kwenye mizani hiyo hiyo nilete namba za ekseli zote mbili na picha za huo ufa, kama upo. Mzee wa Difu nitakujulisha ya Cruiser.

#43 Tani Tatu
Lete namba akiwa na mashine ya visiki mwisho wa bodi, halafu akiwa ameisogeza mbele nyuma ya kebini. Zote mbili.

#44 Spana Kumi
Na upepo ukiwa umetolewa kwenye mifuko.